Kopo la kipande na nyota ya shaba: jinsi ya kumtafuta babu wa enzi za mkoloni

SWALI: Ninaishi Umoja, hapa Nairobi, lakini kwetu ni Mbooni. Baba wa babu yangu aliitwa Yohana Mutua. Wazee wanasema alizaliwa wakati wa njaa kubwa, akapigana vita vya Mjerumani, akafika Burma, akafanya kazi kwa Mzungu upande wa Thika, kisha akahamia Nairobi na kufa kabla ya Uhuru. Susu, bibi yetu, alipofariki tulikuta sandukuni kopo la kipande lenye karatasi iliyochakaa, nyota moja ya rangi ya shaba na medali moja ya mviringo. Nimekutumia picha. Kuna jamaa anataka shilingi 15,000 atutolee "faili lake" kule Akaivu. Tumpe? Na kama hapana, tuanzie wapi? (Mwende, Umoja)

JIBU: Mwende, hizo 15,000 zikae kwanza. Anayekuahidi faili la Yohana Mutua anakuuzia kitu ambacho karibu hakika hakipo. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, hiyo mnayoiita Akaivu, haikupangwa kwa majina ya watu. Imepangwa kwa majina ya ofisi: mkuu wa mkoa huyu, DC wa wilaya ile, idara ya kazi, idara ya ardhi. Ndani ya mafaili hayo mtu wa kawaida hutokea mstari mmoja hapa, jina moja kule, kisha anapotea.

Serikali ya mkoloni haikuwa na haja ya kujua historia ya Mutua. Ilimwandika ilipotaka kitu kwake. Ilipotaka kodi, karani alihesabu vibanda vyake. Ilipotaka nguvu zake, ilimpa kipande, yaani karatasi ya usajili wa kazi. Ilipomtaka vitani, ilimpa namba. Ilipomshika na kosa, mahakama ilimwandika. Misheni nayo ilimwandika siku ilipompata. Kwa hiyo kabla ya kuingia ofisi yoyote, jiulize ni nani alikuwa na sababu ya kumwandika mtu huyu, mwaka gani, na karatasi ile ilibaki mezani pa nani. Ukianza na jina peke yake utazama, maana Ukambani wana wa Mutua ni wengi kuliko mawe ya Mto Athi.

Cheti cha kuzaliwa usikiwazie. Usajili wa vizazi ulianza kwa Wazungu mwaka 1904, ukafuata kwa Waasia 1906. Kwa Waafrika, ulikuja kuwa lazima nchi nzima mwaka 1971. Sensa pia haitakusaidia. Ya kwanza kuwahesabu Waafrika wa koloni lote ilikuwa ya 1948, na walichotaka ilikuwa idadi.

Sasa tuangalie picha zako, kwa sababu hizo vitu tatu za sandukuni zinasema mengi kuliko ulivyodhani.

Tuanze na kipande. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa 1915, lakini vita vikaichelewesha mpaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi hiyo, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kopo la chuma kama lako. Ilikuwa na jina, kabila, wilaya, alama za vidole, kisha safu za waajiri: nani alimwandika kazi, kazi gani, mshahara kiasi gani, aliingia lini, akaachishwa lini, na sahihi ya tajiri. Watu waliichukia karatasi hii kuliko kodi yenyewe. Ilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliokusanyika kumdai hapa Nairobi walipigwa risasi. Kipande kiliondolewa 1947, ulipoanzishwa usajili wa watu wa rangi zote.

Angalia mstari wa juu kabisa wa karatasi yako. Wino umefifia, lakini kwenye safu ya mshahara mbele ya tarakimu naona herufi "Rs". Hizo ni rupia. Mistari inayofuata ina "Sh". Rupia iliondolewa 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, na kufikia 1922 nchi nzima ilikuwa inahesabu kwa shilingi. Kwa hiyo huyu mtu alipewa kipande mwanzoni kabisa mwa zoezi lile, na wakati huo alikuwa tayari na miaka 16 au zaidi. Tumefunga upande mmoja: Mutua hakuzaliwa baada ya 1904.

Wazee wanasema alizaliwa wakati wa njaa. Ukambani njaa inayotajwa bila kuongezwa maelezo ni Ngomanisye, ile ya miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, takriban 1897 hadi 1900, iliyokuja ukame ukiambatana na ndui, huku ng'ombe wakiwa wameshapukutishwa na sotoka. Inalingana vizuri na rupia zako. Tuseme alizaliwa kati ya 1897 na 1900, halafu tuone kama mambo mengine yatakubali.

Burma inakataa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikishuka Bonde la Kabaw mpaka Kalewa na kuvuka Mto Chindwin mwezi Desemba. Mtu aliyezaliwa Ngomanisye angekuwa na miaka 44 au zaidi. Keya, yaani jeshi la King's African Rifles (KAR), haikuwa ikiandikisha wazee wa miaka hiyo kwenda kupanda milima ya Burma wakati wa masika. Na nyota yako, yenye ncha sita na taji juu, imeandikwa jina lake usoni: The Burma Star. Ile ya mviringo yenye simba aliyesimama juu ya dubwana la vichwa viwili ni Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945. Zote mbili ni za Vita vya Hitila, yaani Vita vya Pili vya Dunia.

Geuza medali ile ya mviringo utazame ukingo wake. Kama ni kitupu, usishangae wala usifikiri ni bandia. Medali za vita vile walizopewa askari wa Keya hazikuchorwa jina. Za vita vya Mjerumani, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, ndizo zilizochorwa namba, jina na kikosi ukingoni. Laiti ungekuwa na moja ya hizo, jibu langu lingekuwa fupi.

Kwa maoni yangu, familia yenu imewashona watu wawili wakawa mmoja. Hili hutokea sana, na Ukambani hutokea zaidi kwa sababu mjukuu humrithi babu jina. Mutua wa kwanza ni mwenye kipande. Mwenye nyota ni kijana wake, au mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa na miaka ishirini na kitu mwaka 1942 au 1943. Vitu vyao viliwekwa sanduku moja, na baada ya miaka sitini hadithi zao zikaingia mdomo mmoja. Kazi yako ya kwanza basi ni kuwatenganisha, na kazi hiyo inafanyiwa Mbooni.

Nenda kwa wazee waliobaki, hasa wanawake. Shangazi na wake walioolewa pale hukumbuka mambo ambayo wanaume waliokuwa kazini Nairobi hawakuyaona. Rekodi kwenye simu, lakini omba ruhusa, na usianze na "alizaliwa lini?" Mzee akiulizwa mwaka atakupa mwaka ili kukuridhisha, na utauandika kama kwamba ni Maandiko. Uliza nani alitahiriwa kabla ya nani. Uliza alipokufa nani alikuwa amezaliwa, na aliyekuwa mgongoni ni nani. Uliza kama Mutua alikuwa mtu mzima wakati wa kunyang'anywa ng'ombe, ule mwaka wa 1938 serikali ilipotaka kupunguza mifugo Machakos na Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwa maelfu mpaka Nairobi kumwona Gavana. Hilo karibu kila nyumba ya zamani ya Machakos ina habari zake, na lina tarehe isiyobishaniwa. Uliza kuhusu nzige wa 1928 mpaka 1931. Uliza majina ya ndugu zake wote, hata waliokufa wachanga. Dada anayeitwa Wayua, yaani wa wakati wa njaa, kwa mfano, ni fununu kwamba kuna njaa karibu, ingawa jina nalo huweza kuwa limerithiwa tu kutoka kwa bibi, kwa hiyo lisikufunge.

Halafu uliza swali hili ukiwa umelishika vizuri: ni mtoto yupi wa nyumba ile alikwenda Keya wakati wa Hitila, na je, alirudi? Nyota haikuvaliwa na waliorudi peke yao. Kwa walikofiwa, medali zilienda kwa jamaa. Katika familia nyingi kijana aliyekufa bila mke wala mtoto hutoweka kwenye simulizi kabisa, kwa sababu hana wa kumtaja.

Ukimpata jina, angalia orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Iko kwenye intaneti, ni bure, na hutafutwa kwa jina, kikosi na nchi. Jaribu tahajia zote: Mutua, Mtua, Mutuwa. Jina la baba hukaa mahali pa ukoo, au likafungwa na herufi s/o, yaani "mwana wa". Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wanatajwa kwenye ukumbusho wa Rangoon ulioko makaburi ya Taukkyan. Walioangamia na meli Khedive Ismail, iliyozamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, majina yao yako hapa hapa kwetu, makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki. Ile meli ilikuwa imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na waliokufa walikuwa karibu 1,300. Toka Umoja asubuhi moja uende ukasome ukuta ule hata kama humtafuti mtu. Majina ya Wakamba hayakosekani.

Kama alirudi salama, njia ni ndefu kidogo. Waafrika wa Kenya walioandikishwa katika vita vile walikuwa karibu 98,000, na usitarajie kukuta London faili la kila askari wa kawaida. Kilichoko kule Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, ni shajara za vikosi: leo tumelala hapa, leo tumeshambuliwa, leo wamekufa wangapi. Za Burma ziko kwenye mfululizo wa WO 172. Ukishajua kikosi chake, mathalani KAR ya 11 iliyokuwa ya Wakenya, unaweza kumfuata siku kwa siku ingawa jina lake halimo. Katalogi yake husomwa bure kwenye intaneti. Usilipie nakala kabla ya kujua kikosi.

Turudi kwa Mutua mwenyewe na vita vya Mjerumani. Mwaka 1917 alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hadi ishirini. Mwaka huo ndio msako mkubwa wa wapagazi ulipopita, John Ainsworth akiwa amekabidhiwa jukumu la kupata watu, na machifu wakitakiwa kila mmoja atoe idadi yake. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba "alipigana" maana yake alibeba. Alibeba sanduku la risasi au gunia la unga kutoka hapa mpaka ndani ya Tanganyika kwa rupia 5 kwa mwezi. Sisemi hivyo kumshusha cheo. Wapagazi walikufa wengi kuliko askari, kwa kuhara, malaria na vichomi zaidi ya risasi, na kambi yao ndiyo iliyoacha jina la Kariokor (kutoka Carrier Corps) unapopita kuelekea Ngara. Mishahara ya maelfu waliokufa haikulipwa kamwe kwa sababu serikali ilidai haikuwapata jamaa zao.

Hapa lazima niwe mkweli kwako: upande wa wapagazi karatasi ni chache mno. Mwaka 2021 tume ileile ya makaburi ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakati wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo imekuwa ikitafuta, na kumbukumbu za kijeshi zilizohifadhiwa hapa Kenya zimeanza kutoa majina ya maelfu ya watu. Kwa hiyo orodha ambayo leo haina Mutua wako, irudie mwakani. Lakini tusisahau kwamba wanaotafutwa humo ni waliokufa. Wako alirudi, maana 1920 alikuwa hai akipewa kipande.

Sasa Akaivu. Unalijua jengo, lile la zamani la benki pale Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Wengi huishia chini kwenye vinyago na picha za mkusanyo wa Joseph Murumbi, lakini chumba cha kusomea kiko wazi kwa kila mwananchi. Beba kitambulisho, lipa ada ndogo ya kadi ya msomaji, chukua penseli, na uwe na subira. Unatafuta namba ya faili kwenye katalogi, unajaza fomu, unangoja uletewe.

Usiombe "Mutua". Omba Machakos. Mbooni ilikuwa Wilaya ya Machakos, na mafaili ya DC wake yanaanza na DC/MKS. Wilaya yenyewe ilihamahama: mwanzo ilikuwa Mkoa wa Ukamba, baadaye ikaingizwa Mkoa wa Kati, na katika miaka ya hamsini ikawa Mkoa wa Kusini. Ndiyo maana mtu huweza kumaliza juma zima kwenye mafaili ya Mkoa wa Mashariki asipate chochote cha kabla ya Uhuru. Barua za mkuu wa Mkoa wa Kati ziko chini ya PC/CP, na humo ndimo mtaa wenu huweza kutajwa. Anza na taarifa za kila mwaka za wilaya na zile hati ambazo DC anayeondoka alimwachia anayeingia. Humo utapata jina la chifu wa Mbooni kwa kila kipindi, idadi ya watu waliotoka kwenda kazini, njaa, magonjwa, misheni, ugomvi wa mipaka. Andika majina ya machifu na wazee wa mabaraza kwa sababu wao ndio watakuongoza kwenye mafaili mengine. Kodi ya kibanda ilianza 1901, ya kichwa 1910, na chifu ndiye aliyeshika daftari.

Halafu omba ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Carter. Ulipigwa chapa 1934 katika juzuu tatu nene. Wazee wa Ukambani walisimama mbele ya tume hiyo wakadai Milima ya Mua na Yatta, wakieleza nani alilisha wapi. Inawezekana mzee wa ukoo wenu anasema humo kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi huwaambia watu waanze na juzuu hizo kabla ya faili lolote. Ni kitabu kilichochapwa, hakina mwandiko wa kubahatisha, na ni mahali pachache ambapo Mwafrika wa miaka ile anaongea kwa aya nzima, ingawa mkalimani alikaa katikati.

Kuhusu yule jamaa wako: mtafiti wa kulipwa si kosa, na kama huna nafasi ya kuketi pale siku za kazi unaweza kumhitaji. Mlipe kwa siku. Mpe maswali yaliyoandikwa, na makubaliano yawe kwamba hata asipopata kitu anakuletea namba za mafaili yote aliyofungua, pamoja na picha za kurasa. Namba ndizo mali. Anayekuletea hadithi tamu bila namba ya faili amekuletea riwaya.

Rudi kwenye kipande chako, mstari wa pili. Mwajiri ni wa Thika na tarehe ya kuingia inasomeka 1927, ila jina lake limemezwa na mkunjo wa karatasi. Wazee wakiulizwa watakutajia jina la utani, kwa sababu kila Mzungu alikuwa nalo, na utani huo haumo katika kitabu chochote. Ulitaje hata hivyo kwa wazee wa upande wa Thika na Makuyu ambao jamaa zao walifanya kazi kwenye kahawa na katani, kwani jina moja la utani lilitumiwa na shamba zima. Ukishapata herufi mbili tatu za jina halisi, pekua Gazeti Rasmi la Serikali. Limekuwa likichapwa tangu 1899 na nakala zake nyingi za zamani zinasomwa bure kwenye intaneti. Matangazo ya ardhi, leseni na mirathi ya walowezi yamejaa humo. Maktaba ya McMillan nayo ina magazeti ya zamani. Shamba likijulikana, unajua ni mafaili ya wilaya gani nyingine ya kuomba, na pia unajua kama Mutua alikuwa kibarua wa mwezi au skwota mwenye mkataba, ambaye sheria ya 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka.

Jambo moja kwenye mstari huo lilinishtua. Safu ya kuachishwa kazi iko tupu, hakuna tarehe wala sahihi. Huenda tajiri alisahau. Lakini kuondoka bila kusainiwa kuliitwa kutoroka, na kutoroka kazi lilikuwa kosa la jinai, mtu akitafutwa kwa namba ya kipande chake hata akiwa wilaya nyingine. Waulize wazee taratibu kama Mutua aliwahi kufungwa. Familia huficha habari hizi kwa aibu, ilhali kifungo cha aina hiyo ni cha kujivunia. Na kwa mtafutaji ni bahati, kwa sababu serikali ilimwandika vizuri zaidi mtu iliyemkasirikia.

"Yohana" ni kazi ya kanisa. Mbooni ilikuwa kituo cha misheni ya Africa Inland, leo AIC, na wao walibatiza watu wazima baada ya mafundisho marefu. Basi tarehe ya ubatizo haikuonyeshi kuzaliwa, ila inakuonyesha mwaka ambao Mutua aliamua kuwa Yohana, na pengine mke aliyetambuliwa na kanisa. Nenda kwa mchungaji na mzee wa kanisa, siku isiyo Jumapili, ukiwa na jina la baba yake na la kijiji. Rejista zenyewe huwa kabatini, nyingine zimeliwa na mchwa. Kama ukoo mwingine wa mama yenu ni Wakatoliki, mna bahati: mapadri waliandika kwa Kilatini jina la baba, la mama, mahali, na msimamizi wa ubatizo, tangu mwanzo na kwa utaratibu uleule kila parokia.

Vipimo vya vinasaba (DNA) vinavyouzwa kwenye intaneti viache. Wakenya waliopima ni wachache mno, utaambiwa una asili ya Afrika Mashariki, jambo unaloweza kuliona kwenye kioo bila kulipa.

Miaka yake ya Nairobi ni finyu kwa sababu hujanipa mtaa. Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, au nyumba za reli pale Muthurwa? Kila mtaa ulikuwa na mwenyewe: baraza la mji au shirika la reli. Ukijua ni reli, unatafuta karatasi za reli. Kuhusu kifo, kama alifia hospitali ya serikali mjini, basi ni King George VI, ambayo leo ni Kenyatta. Vifo vya mjini viliandikwa zaidi ya vya kijijini, kwa hiyo inafaa kuomba idara ya usajili ikutafutie, lakini uwape miaka miwili au mitatu, si "kabla ya Uhuru". Ili kuipunguza, uliza kama alikufa kabla au baada ya Imajensi, ile hali ya hatari ya kupambana na Mau Mau, kutangazwa Oktoba 1952, na kama alikuwa mjini siku za ule msako wa Aprili 1954, Operesheni Anvil. Msako ulilenga Wakikuyu, Waembu na Wameru, ila Wakamba wa Nairobi nao walishukiwa, na hakuna aliyekuwa mjini siku hizo akausahau.

Ardhi nitaitaja kwa ufupi. Upimaji na usajili wa mashamba Ukambani ulikuja baada ya kifo chake, chini ya sheria ya 1968, hivyo jina lake huenda lisiwe kwenye hati. Lakini kadi ya kijani ya shamba la nyumbani, kwenye masjala ya ardhi, itakuonyesha aliyesajiliwa kwanza. Kama ni wana wake watatu kwa pamoja, una majina matatu ya kizazi cha Burma, na mmoja wao huenda ndiye mwenye nyota.

Umeniuliza habari za Mutua tu, hujauliza za mke wake. Kipande kilikuwa cha wanaume, Keya ya wanaume, kodi ikaandikwa kwa jina la mume hata kibanda kikiwa cha mke wa tatu. Mwanamke wa Mbooni wa miaka ya thelathini anapatikana mahakamani zaidi ya popote. Mabaraza ya wenyeji, yaliyopangwa upya kwa sheria ya 1930 kisha yakawa mahakama za Waafrika mwaka 1951, yalisikiliza kesi za mahari, talaka, mbuzi waliorudishwa na wasiorudishwa. Katika kesi hizo hutajwa baba wa mke, kaka zake, ukoo wake na kijiji alikotoka. Rufaa zilifika kwa DC, kwa hiyo ziko ndani ya DC/MKS. Ukiwa Akaivu na siku yako bado ina saa mbili, omba hizo, na uende na jina la baba yake, siyo la mumewe.